Kabari ya Nusu Mwezi

Umewahi kutafuta kitu kidogo kama kucha ya kidole gumba, duka kwa duka, jua likikuchoma utosi, huku moyoni unaomba usikipate? Karunawati wa Piliyandala alikitafuta hivyo. Aliyemtuma ni mumewe, na alichotumwa ni kipande cha chuma cha kuliwezesha gari liondoke nyumbani kwake na lisirudi tena.

Gari lenyewe lilikuwa Morris, yale ya mgongo wa mviringo, rangi ya kijivu kama njiwa, namba yake ya kizamani ile yenye herufi ya Sri, ya lugha ya kwao, katikati. Wimalasena, mume wa Karunawati, alifundishia watu udereva humo miaka na miaka. Nusu ya Piliyandala walijifunzia gia ndani yake: daktari wa meno, mke wa mwenye duka la dawa, watawa wawili wa kanisani, na yule mama wa benki ambaye siku hizi akipita hata honi hapigi. Watu wanamwita Mwalimu mpaka leo, ingawa bango la chuo limeshavuliwa getini. Macho yalimwangusha. Alipokwenda kupimwa kwa ajili ya leseni aliambiwa asome herufi zilizo ukutani, naye akaona ukuta tu.

“Gari lisilo na dereva ni banda la kuku, baba,” alisema mtoto wao Thushara kwenye simu, kutoka Italia anakoosha vyombo vya watu. “Uza. Mama naye apumzike na hiyo harufu ya oili.”

Basi akapatikana mnunuzi, Bwana Weerakkody, mwenye hoteli ya harusi kule Bentota, aliyetaka Morris ya kupigia picha maharusi. Arubuni ikatolewa, nayo arubuni ikaliwa yote na pete za pistoni na mabeseni ya mafuta ya taa, maana injini ilikuwa ya kufunguliwa na kuundwa upya. Mama yake Bwana Weerakkody akaenda kwa mnajimu wake. Mnajimu akapiga hesabu zake, akasema injini iwashwe Alhamisi saa moja na dakika arobaini na tisa asubuhi, gari likitazama mashariki, halafu litoke getini kwa nguvu zake lenyewe. Kuvutwa kwa kamba, hapana. Gari linalotoka nyumbani likivutwa ni maiti, na nani atapandisha bibi harusi kwenye maiti?

Hayo yote yalikubaliwa kwa chai na vitumbua vya asali. Lakini Jumanne ilipofika, injini ya Morris ilikuwa bado imelala vipande vipande juu ya magunia, barazani kwa Karunawati.

*

Fundi Upatissa alikuwa amechuchumaa, saruni ameikunja mpaka mapajani, anasuuza vyuma kwenye beseni. Lilikuwa beseni la Karunawati la kuoshea samaki, naye hakuombwa.

“Dada, hebu sogea hapa,” aliita. “Usiniangalie hivyo, nitakununulia beseni jingine.”

“Uliniambia hivyo mwaka wa mafuriko.”

“Basi sasa yatakuwa mawili. Angalia hiki.” Kiganjani mwake kulikuwa na kichuma chenye umbo la nusu mwezi, chenyewe kimepasuka katikati. “Mwalimu! Kabari ya kranki imekatika.”

Wimalasena alikuwa kwenye kiti chake cha henzirani, uso ameuelekeza kwenye sauti. “Ipi?”

“Inayoshika gia ya cheni. Bila hii, kranki inakwenda kwao na gia inakwenda kwao, kama mke na mume waliogombana. Injini haiwaki.”

“Si uchonge nyingine?”

“Chuma chake kigumu, Mwalimu, kinataka mashine. Na mwenye mashine amepanda Sri Pada na ukoo mzima kwenda kuhiji. Hashuki mpaka Ijumaa.”

“Mtu anakwenda kuhiji wiki yangu?”

“Mlima ulimwita kabla yako.”

Wimalasena hakucheka. Aliwaza Alhamisi, akawaza yule mama mzee mwenye mnajimu wake, akawaza arubuni ambayo haiwezi tena kurudishwa. Halafu akageuza uso kuelekea jikoni, ingawa Karunawati alikuwa amesimama mbele yake. “Panchikawatta, kwenye mtaa wa vipuri, hawawezi kukosa. Fundi huwezi kwenda?”

“Nikitoka hapa, Alhamisi tutawasha masufuria.”

“Basi utakwenda wewe, Mama Thushara. Kifunge hicho kilichovunjika kwenye leso. Waonyeshe tu, usiseme sana. Ukianza kueleza watajua hujui kitu, watakupiga bei.”

“Sawa,” alisema Karunawati.

Alilisema neno hilo kama alivyolisema maisha yake yote ya ndoa, na hakuna aliyelitazama lilivyotoka. Laiti wangemuuliza wangejua kwamba hakutaka gari lile liuzwe hata kidogo. Si kwa sababu ya kumbukumbu, wala si kwa sababu ya majirani watasema nini. Alitaka kuliendesha. Alilitaka tangu siku aliyoletwa nyumba ile akiwa mwali. Alikuwa amewaona wanawake wanaingia getini wakitetemeka, na baada ya miezi miwili wanatoka wameegesha kiwiko dirishani kama mabalozi. Siku moja, Thushara akiwa bado ananyonya, alijitia ujasiri akamwambia mumewe, “Hata mimi siku moja ningejaribu.” Wimalasena akacheka, kicheko kizuri kabisa, cha mtu asiyejua anaumiza. “Ukishika usukani wewe, wali ataupika nani?”

Hakulisema tena. Mtu akichekwa mara moja kwa jambo analolitaka sana, hulikunja akaliweka chini ya nguo, na kila mwaka anaongeza nguo moja juu yake.

*

Duka la kwanza Panchikawatta lilikuwa la kijana mwenye simu mbili. Karunawati alifungua fundo la leso.

“Ya gari gani?”

“Morris.”

“Najua Morris, mama. Injini ipi? Ile ndogo ya mia tisa au ile ya elfu na kitu?”

Karunawati alimsogezea leso. Kijana akasubiri, akampigia mtu mwingine simu, akamaliza maongezi, akamkuta bado amesimama. “Baba hayupo nyumbani? Mwambie aje mwenyewe, au atume mtu.”

“Mimi ndiye mtu,” alisema Karunawati, lakini alilisemea nje, kwenye ngazi.

Duka la pili walimwambia kabari haiuzwi peke yake, mpaka anunue gia na cheni yake. “Ni kama kununua ng’ombe, mama. Mkia unapewa bure, lakini huwezi kuja kununua mkia.” Duka la tatu walimpa moja iliyofanana kabisa, ila ilipowekwa kando ya ile mbovu ilikuwa nyembamba kidogo, maana ilikatwa kwa vipimo vya kisasa na Morris ilizaliwa kwa inchi. “Fundi ataijazia na bati la kopo la maziwa,” muuzaji alisema, akamkonyeza mwenzake. Duka la nne hawakumsikiliza hata kidogo. Mmoja alitoka nje akapiga kelele upande wa pili wa barabara: “Jamani, kuna mama hapa anatafuta nusu mwezi! Nani ana nusu mwezi?” Wabeba mizigo wakacheka, na mmoja aliyekuwa na ekseli begani akamwambia arudi usiku atauona bure.

Uso ulimwaka. Lakini ajabu ni hii: kila alipoambiwa hakuna, alisema asante kwa sauti ya mtu aliyepewa. Alitembea kwa haraka kuliko alivyotakiwa, miguu inamuuma, nywele zimefunguka kisogoni, anaingia na kutoka, anaingia na kutoka, kama mtu anayetaka kumaliza idadi fulani ya maduka ili aweze kusema kwa haki kwamba amemaliza. Hakuna. Hakuna. Hatuna. Bidhaa hazijaingia tangu nchi ifunge milango ya kuagiza. Asante, mwanangu. Asante sana.

Alikwishageuka kurudi kituoni alipoitwa kutoka kwenye uchochoro wa nyuma ya msikiti.

“Mama! Wewe ndiye wa nusu mwezi? Habari zako zimefika kabla yako.”

Alikuwa mfanyabiashara aliyeitwa Zubair, mtu mnene, ndevu za hina, ameketi katikati ya vyuma vyake kama kuku anayelalia. Karunawati angeweza kupunga mkono akapita. Adabu ndiyo iliyomponza. Alisogea, akafungua leso.

Zubair hakuuliza injini ya ngapi. Alivuta kopo la biskuti kutoka chini ya kiti, akalitikisa, akachomeka vidole ndani na kuanza kupapasa huku anaendelea kugombana na mtu wa duka la jirani kuhusu maji yaliyomwagwa mlangoni. Alitoa moja, akaitupa. Akatoa nyingine. Akaiweka kando ya ile mbovu, akaisukuma kwa ukucha. Zilikuwa sawasawa, kama mapacha.

“Hii ilikuwa inakungoja,” alisema.

“Una uhakika ni yenyewe?” Karunawati aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba aambiwe hapana.

“Mama, chuma hiki kimetoka Uingereza kabla mimi sijaota ndevu. Kama si yenyewe rudi unipige nayo.” Akaifunga kwenye kipande cha gazeti. Bei aliyotaja haikufika ya kikombe cha chai na andazi, na Karunawati, ambaye hununua hata kitunguu kwa kubishana, alilipa bila neno. Zubair akashangaa, akaona haya, akamwongezea nati mbili za bure.

*

Wimalasena alikuwa amesimama getini, mkono mmoja kwenye chuma cha geti, amesimama hapo tangu alasiri. Alizijua kandambili za mkewe kabla hazijafika kona.

“Umepata?”

Karunawati hakuwa amepanga kitu. Njia nzima alikuwa amekishika kile kifurushi ndani ya blauzi, anajiambia atakitoa, ndiyo, atakitoa, sasa angefanya nini kingine? Lakini ulimi ulitangulia.

“Hakuna.”

“Hakuna kabisa?”

“Nimezunguka kote.”

“Nyuma ya msikiti ulifika?”

“Nilifika.”

Wimalasena alitikisa kichwa taratibu. “Pole. Jua lote hilo.” Akamshika kiwiko, akamwongoza mpaka kwenye kiti chake cha henzirani kana kwamba asiyeona ni yeye, akaingia jikoni. Karunawati alimsikia akipapasa vikombe, akagonga birika, akasema “aah” ya maji ya moto. Alirudi na chai iliyomwagika nusu kwenye kisahani, na kipande cha sukari guru amekiweka kiganjani mwake kwa kuwa hakuona mahali pa kukiweka.

“Kunywa,” alisema. “Ikiuzwa hii, nitapasafisha hapa barazani. Utapanda yale maua yako. Miaka yote umekuwa ukisugua oili yangu tu, unadhani sijui?”

Ndivyo alivyofikiri maskini, kwamba anamtua mzigo. Yeye mwenyewe kuliuza Morris ilikuwa kama kung’oa jino bila ganzi, lakini alijifariji kwamba angalau mkewe atafurahi. Karunawati aliinywa chai ile yote, mpaka iliyomwagika kisahanini. Kuna watu ukiwadanganya wanakutukana, na hao ni rahisi. Huyu alimletea chai.

Upatissa alipopewa habari alitupa spana chini. Alizunguka Morris, akazunguka nyumba, akarudi akasimama mbele ya dirisha la stoo na kulitazama kwa muda. Kisha, bila kuuliza mtu, akafungua skrubu za bawaba yake moja.

“Unafanya nini na dirisha langu?” Karunawati aliuliza.

“Naokoa Alhamisi.”

Jumatano tangu alfajiri alikata na kupiga tupa. Bawaba ikawa kipande, kipande kikawa nusu mwezi, na nusu mwezi ikaingia mahali pake kwenye kranki kwa kugongwa kidogo na nyundo ya mbao. Gia ikakaa, cheni ikakaa, kifuniko kikafungwa. Wimalasena alipitisha vidole juu ya injini iliyokwisha kufungwa, akasema, “Fundi, mikono yako ibarikiwe. Kumbe ulikuwa unaweza?” Upatissa akasema injini itapandishwa kwenye gari alasiri hiyo, na akaenda kunawa mikono bombani, mahali Karunawati alipokuwa akiosha mchele.

“Dada,” alisema kwa sauti ya chini, “Mwalimu asijue. Ile ya bawaba ni laini kama sukari guru.”

“Haitawasha?”

“Itawasha. Itatoka getini, itafika barabara kuu, labda itafika hata Bentota kama dereva ana bahati. Halafu itakatika. Ikikatika gari likiwa kwenye mwendo, itakwangua kranki yote, na kwa zilivyo zama hizi sijui kama kuna mtu ataifufua injini ile tena.” Alikung’uta maji vidoleni. “Lakini hapo itakuwa mali ya hoteli.”

“Si uwaambie wangoje mpaka Ijumaa? Mwenye mashine anashuka.”

“Niwaambie mnajimu kakosea? Yule bibi atanila mzima mzima. Saa haingoji, dada. Ningekuwa na ya kweli ningeiweka, unadhani napenda? Baba yangu ndiye aliyekuwa fundi wa gari hili.”

Karunawati alimimina maji ya mchele, na nusu ya mchele ikaenda nayo. Kifurushi kilikuwa kimefungwa kwenye pindo la sketi yake wakati huo huo, kinamgonga paja kila akiinama.

Sasa tazama alivyojifunga mwenyewe. Akinyamaza, gari linaondoka na linakwenda kufia njiani, na mumewe ambaye hakuwahi kumdanganya mwanafunzi hata kwa somo moja ataitwa mwizi Bentota nzima. Akisema, gari linaondoka salama. Kwa vyovyote linaondoka. Usiku ule alihesabu mbao za dari na hakusema na mtu.

*

Alhamisi asubuhi kila kitu kilikuwa mahali pake. Taa ya shaba imewashwa kwa mafuta ya nazi, wali wa nazi umekatwa vipande kwenye sinia, na pilipili yake ya kusaga pembeni. Ndimu nne zimewekwa chini ya magurudumu ili gari lizipasue likiondoka. Morris limeoshwa likang’aa, pua yake ikitazama mashariki, na mashariki palikuwa ndipo geti lilipo, jambo lililomfurahisha sana mama yake Bwana Weerakkody. Alikuwa mwanamke mdogo aliyevaa nyeupe tupu, saa ya mkononi ya kiume, na karatasi ya mnajimu ameikunja kwenye pochi.

Bwana Weerakkody alimpa Wimalasena fungu la tambuu kwa mikono miwili, kama inavyopasa. Wimalasena alilipokea kidogo pembeni ya mahali lilipokuwa, likataka kuanguka. Dereva wa hoteli, kijana mwenye shati la mistari, aliinama ndani ya gari na kucheka. “Bwana, hili ni gari au sufuria? Redio yake iko wapi?”

“Redio yake ni wewe,” Upatissa alimjibu. “Kaa ndani, unyamaze.”

Thushara alikuwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye jagi la maziwa, uso wake unaganda na kuendelea. “Mama yuko wapi? Mama asogee aonekane.”

Karunawati alikuwa mlangoni, sinia mikononi.

“Bado dakika mbili,” alisema bibi wa saa. Hata majirani waliokuja ukutani kuchungulia wakaacha kutafuna. Dereva alishika kishikio cha stata. Upatissa alikuwa akiangalia miguu yake mwenyewe. Wimalasena alisimama wima kando ya gari, kiganja juu ya boneti, kama anavyoshikwa mtu anayesafiri.

“Dakika moja.”

Ni kile kiganja. Karunawati alikiona kimetulia pale, kinaamini, na akajua hawezi.

“Usivute!”

Sinia lilimponyoka. Wali ukatapakaa kwenye ngazi. Dereva akakiachia kishikio kana kwamba kimemuunguza.

“Nini tena?” Bwana Weerakkody aliuliza.

“Usiwashe. Iliyo ndani si kabari, ni bawaba ya dirisha la stoo. Itakatika njiani, iue injini.” Alikuwa amekwisha kufika kwenye gari, anahangaika na fundo la pindo lake. “Ya kweli ni hii. Hii hapa. Niliipata.”

“Fundi,” Bwana Weerakkody alisema polepole, “ulikuwa unaniuzia dirisha?”

Upatissa alijifuta mikono kwenye saruni. “Si lote,” alisema.

“Saa!” Bibi alikuwa akigonga kioo cha saa yake. “Saa inapita! Washeni basi, washeni tu, mengine baadaye!”

Hakuna aliyewasha. Wote waliitazama ile saa ya kiume kwenye mkono mwembamba, na mshale ukapita mahali ulipotakiwa kupita bila kusikika kitu ila kunguru na mchuzi wa pilipili ukidondoka ngazi hadi ngazi. Bibi akaikunja karatasi yake akairudisha kwenye pochi. “Imeharibika,” alisema. “Mwanangu, twende zetu. Nyumba ambayo mke anapiga kelele kwenye saa ya heri, mimi sichukui kwao hata sindano.”

“Mama, limewaka?” Thushara aliuliza kutoka kwenye jagi. “Mbona sisikii? Mama?”

“Mwalimu,” alisema Bwana Weerakkody. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu na joto la asubuhi na mama yake. “Mimi nilitoa pesa yangu. Naomba nijue jambo moja. Mnauza au hamuuzi? Kama mnauza, fundi aweke hiyo ya kweli, nitatafuta saa nyingine. Kama hamuuzi, nirudishieni arubuni, tusitiane aibu mbele za watu.”

Wimalasena alimgeuzia mkewe uso. Alikuwa amenyoosha mkono, kiganja juu, na Karunawati akaweka kile kichuma hapo. Alikipapasa ukingo wake wa mviringo, akapapasa upande ulionyooka, akakipitisha kwenye mdomo wa chini kama wafanyavyo mafundi wa zamani kupima ulaini.

“Hiki ni chenyewe,” alisema. “Umekipata lini?”

“Juzi.”

“Wapi?”

“Nyuma ya msikiti.”

“Uliniambia hakuna.”

“Ndiyo.”

“Nikakupa pole.” Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililomfanya mke wa jirani ashuke kwenye ukuta na kwenda zake. “Nimesimama na wewe katika nyumba hii tangu hatuna hata kitanda. Hujawahi kunidanganya hata kwa bei ya samaki. Leo unanidanganya kwa kabari.”

Karunawati alitazama wali uliomwagika. Alitaka kuinama auzoe. Mikono ilijua njia ya huko, na mgongo ukaanza kupinda wenyewe.

“Acha wali,” alisema Wimalasena, ambaye hakuona, lakini alisikia bangili zikishuka. “Nimekuuliza. Ulikuwa unataka nini, Mama Thushara? Pesa zaidi? Ulitaka mtoto aje mwenyewe kuliaga? Sema. Sema mbele ya hawa hawa, maana aibu tumeshaipata, haitaongezeka.”

Dereva wa hoteli alikuwa bado ameketi ndani, amesahauliwa. Karunawati alifungua mlango upande wake na kusimama hapo mpaka kijana akaelewa, akajivuta nje kwa upande wa pili.

“Nilitaka kuendesha,” alisema.

Mtu mmoja akacheka ukutani. Safari hii Karunawati hakunyamaza.

“Mimi. Nilitaka nikae hapa, na wewe ukae pale pembeni, unipigie kelele kama ulivyowapigia wote.”

Wimalasena akapapasa boneti mpaka upande wa pili, akaingia, akaketi pale pembeni.